Shogi la Punda Kihongwe na Trekta Dogo

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini si kale mno, kwa kuwa matrekta yalikwisha kuwapo, palikuwa na shamba la wanyama mahali paitwapo Mteremkoni. Juu yake kilima. Chini yake bonde. Katikati migomba, zizi, ghala, na nyumba za wenyewe.

Katika shamba hilo aliishi punda. Sikilizeni vizuri. Simsemi punda milia, yule wa nguo ya mistari asiyebeba hata unyasi. Huyu alikuwa punda wa kazi, yaani punda kihongwe, na wenzake wakamwita hivyo hivyo, Kihongwe.

Kihongwe alikuwa na shogi. Watoto wa siku hizi hamlijui shogi. Ni mfuko mkubwa wa ukindu, unalazwa juu ya mgongo wa punda, nao una matumbo mawili, moja huku, moja huku. Ukijaza tumbo la kulia, ujaze na la kushoto. Usipojaza la kushoto, shogi litapinduka, na punda atapinduka nalo. Ndivyo lilivyo shogi.

Kila kitu cha Mteremkoni kilipita mgongoni mwa Kihongwe. Samadi, kuni, mawe, ndizi, udongo.

"Kihongwe, beba!"

"Nimebeba."

Kwata, kwata, kwata, anapanda. Kwata, kwata, kwata, anashuka. Asubuhi "Kihongwe, beba!" Jioni "Kihongwe, beba!" Je, alinung'unika? Alinung'unika sana. Lakini ukimwambia apumzike, alikasirika zaidi.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilinyesha vibaya. Udongo ukaporomoka kutoka kilimani, porooo! Ukaufukia mfereji. Na mfereji huo ndio uliokuwa ukiyapitisha maji ya kilima kando ya nyumba, yakaenda zake bondeni. Sasa umejaa tope na mawe, pomoni.

Jirani na mfereji, ndani ya shimo, alikaa Mama Ngiri na wanawe wadogo. Masika yakifika mfereji umeziba, maji yataingia shimoni. Kila mmoja alilijua jambo hilo. Mama Ngiri alilijua kuliko wote, na usingizi ulikuwa umemkimbia.

"Kihongwe, beba!"

"Nimebeba."

Akabeba tope. Akamwaga, akarudi. Tope ni lile lile. Akabeba tena, akamwaga, akarudi. Tope ni lile lile. Hata siku moja magoti yakamkatalia. Akaanguka mbele ya mfereji, puu! Shogi limejaa, naye hawezi kuinuka. Wenzake wakamvua shogi. Wakamwinua, huyu masikioni, huyu mkiani.

"Nimeteleza tu," alisema Kihongwe.

"Ndiyo, Mzee, umeteleza," alisema Mama Ngiri. Lakini alikwisha kuyaona magoti yake, yanatetemeka.

Ukaitishwa mkutano.

"Jamani," alisema Mama Ngiri, "Mzee wetu amechoka, na mawingu hayo mnayaona. Tununue trekta. Lenye kijiko mbele."

Kijiko, wasikilizaji, si hiki cha uji. Ni beseni la chuma lililofungwa mbele ya trekta. Linachota, linainua, linamwaga.

Nyati akasimama. "Trekta liwe kubwa! Liwe na shingo nene. Likinguruma, kilima kisikie. Tena liwe na pembe."

"Pembe za nini, Bwana Nyati?"

"Za heshima."

Swala akaruka. "Mimi nasema liwe jepesi. Miguu myembamba, mbio nyingi."

"Mbio za kwenda wapi?" aliuliza Nguchiro, yule mdogo mwenye mdomo mkubwa. "Mfereji unatoroka?"

Wakacheka. Lakini tazameni, kila mmoja alitaka trekta linalofanana naye. Nyati alitaka nyati wa chuma. Swala alitaka swala wa chuma. Na Kihongwe? Kihongwe alitaka trekta lisije.

"Mzee Kihongwe," alisema Mama Ngiri, "mizigo ya hapa unaijua wewe. Nenda kwa Fundi Tumbili ukatuchagulie."

Kihongwe akainamisha masikio. Achague yeye? Amchague atakayekaa mahali pake?

Wakashika njia, yeye na Nyati na Swala, na Nguchiro anawafuata.

"Mzee," alisema Nguchiro, "trekta likija, wewe utafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Utalifukuzia nzi?"

Kihongwe akakaza mwendo. Kwata, kwata, kwata. Swali hilo hilo alikuwa akijiuliza mwenyewe.

Fundi Tumbili aliuza mitambo pale njia panda. Alikuwa na mikono, akajua kuiendesha. Akawaona kwa mbali, akashuka mbio kutoka juu ya paa.

"Karibuni, karibuni! Bwana Nyati, wewe nakujua, utataka hili. Hili hata mlima linasogeza! Swala, dada yangu, njoo utazame hili, limepakwa rangi juzi tu. Mzee, wewe unataka lipi?"

Kihongwe akazunguka. Akaona trekta kubwa jekundu, magurudumu yake yanampita Nyati kimo. Akaona trekta jembamba linalong'aa. Na pembeni, karibu na mapipa, akaona trekta dogo, fupi, rangi imechujuka. Magurudumu yake yalikuwa mapana, yenye meno marefu, na yote manne yalivuta pamoja. Mbele yake kijiko, si kikubwa, si kidogo.

Akalipenda. Papo hapo akajichukia kwa kulipenda.

"Sisi tuna desturi yetu," alisema. "Chombo cha Mteremkoni hupitishwa kwanza uchochoro wa ghala. Mkokoteni ulipitishwa. Hata kitanda cha bibi harusi kilipitishwa. Kisichopita hakikai. Yalete yote matatu."

Bei waliyopatana na Tumbili ilikuwa siri yao, haimo katika hadithi hii.

Kukicha, wanyama wakajipanga kando ya ghala. Kulia ukuta wa ghala, kushoto migomba. Katikati uchochoro, upana wake sawasawa na punda mwenye shogi lililojaa.

Likaja trekta kubwa. Ngurrr! Ngurrr! Nyati akavimba kifua. Likaingia uchochoroni. Mgomba wa kwanza, pwaa, chini! Mgomba wa pili, pwaa, chini! Ukuta wa ghala ukalia, kwiii.

"Rudi! Rudi nyuma!" alipiga kelele Mama Ngiri.

Tumbili akarudi nyuma, akazungukia kwenye majaruba ya mpunga. Ardhi ya huko ilikuwa mbichi. Trekta likazama, polepole, polepole, mpaka tumbo likalala juu ya tope. Wakalivuta kwa kamba hadi jua likawa kichwani.

"Ardhi yenu mbovu," alisema Nyati.

"Ndiyo tuliyo nayo," alijibu Mama Ngiri.

Likaja trekta jembamba. Vrrr! Likapita uchochoro kama upepo. Swala akashangilia. Likafika mfereji, likatia kijiko topeni. Magurudumu yakazunguka, vrrr, vrrr, trekta liko pale pale. Kijiko kikatoka na tope la kujaza kikombe.

"Lakini limefika mapema," alisema Swala.

Likaja trekta dogo. Tuku-tuku-tuku-tuku. Halikuwa na haraka. Likaingia uchochoroni, majani ya migomba yakaligusa upande huu, ukuta ukaligusa kidogo upande huu, likatoka. Tuku-tuku-tuku-tuku. Likakanyaga ardhi mbichi, halikuzama. Likafika mfereji, likatia kijiko. Chwapu! Kikajaa tele. Wanyama wakapiga vigelegele.

Tumbili akavuta mkono wa chuma. Kijiko kikapanda, kikapanda, kikapanda juu. Lo! Na magurudumu ya nyuma nayo yakapanda! Trekta likainamisha uso, matako juu.

"Marahaba!" alipiga kelele Nguchiro. "Trekta limetuamkia!"

Tumbili akaruka chini mbio, kijiko kikaanguka, tope likamrukia Nyati. Wakacheka waliotaka kucheka. Lakini Mama Ngiri hakucheka.

"Hili ni kitoto," alisema Nyati huku akipangusa pua. "Lirudishwe!"

"Lirudishwe," alisema Swala.

"Labda mngoje masika yaishe," alisema Tumbili, naye anajifuta. "Nitapata jingine."

Juu ya kilima ngurumo ikapita. Nguru-ngurumo.

Kihongwe alisimama peke yake. Yeye alikuwa ameona. Mara tu matako ya trekta yalipoinuka, alijua kosa liko wapi, kwa kuwa hata yeye, alipokuwa mwanapunda, aliwahi kupakiwa upande mmoja, akapinduka. Alijua. Na hakuna mwingine aliyejua.

Nikinyamaza, aliwaza, litarudishwa. Likirudishwa, kesho wataniita. Kihongwe, beba. Nimebeba. Nitakuwa na mahali pangu.

Akanyamaza.

Mama Ngiri hakubishana na mtu. Aliingia shimoni, akatoka na nyasi za kulalia wanawe kinywani. Akaziweka juu ya jiwe. Akaingia tena, akatoka na nyasi nyingine. Alikuwa anahama. Alipopita mbele ya Kihongwe, akasimama. Akalitazama shogi lililotundikwa kwenye nguzo. Kisha akayatazama magoti ya Kihongwe. Akafumbua mdomo kama anayetaka kumwita abebe.

Hakumwita. Akafumba mdomo, akarudi shimoni kuchukua nyasi.

Hapo Kihongwe hakuweza tena.

"Fundi Tumbili!" aliita. "Trekta halina kosa!"

"Halina kosa, nalo limesimamia pua?"

"Mmelijaza upande mmoja. Mzigo uko mbele. Nyuma mmeweka nini?"

Tumbili akajikuna. "Nyuma hatukuweka kitu."

"Basi. Nileteeni shogi langu."

Nguchiro akakodoa macho. "Mzee, unataka kulitandika trekta?"

"Nataka kulitandika. Na wewe chukua mawe, acha mdomo."

Wakaokota mawe yale yale ya mfereji. Tumbo la kulia la shogi, likajaa. Tumbo la kushoto, likajaa. Nyuma ya trekta palikuwa na chuma cha kufungia jembe. Wakalilaza shogi pale, Nyati mwenyewe akiinua, maana kuinua alijua. Tumbili akalifunga kwa kamba, kaza, kaza.

"Sasa chota," alisema Kihongwe. "Lakini ukishachota, usikipandishe kijiko juu kama unaonyesha watu. Kiweke chini, karibu na ardhi, ndipo utembee. Kipandishe mahali pa kumwagia tu. Mimi sijawahi kubeba mzigo kichwani."

Tuku-tuku-tuku. Chwapu! Kijiko kikajaa. Kikainuka kidogo. Wanyama wote wakayatazama magurudumu ya nyuma.

Yakatulia.

Likageuka. Likaenda. Likamwaga. Likarudi. Chwapu! Likageuka, likaenda, likamwaga, likarudi. Safari moja ya kijiko ilishinda asubuhi nzima ya punda. Kihongwe aliliona hilo, likamchoma. Akaliona tena, likamchoma kidogo. Akaendelea kusimama kando. "Kushoto hapo! Jiwe hilo! Polepole kwenye mteremko, Fundi, polepole!" Tumbili akamsikiliza. Na alipochoka kupiga kelele, jua lilikuwa linashuka, na mfereji ulikuwa wazi kutoka kilimani hadi bondeni.

Mvua ikaja. Si manyunyu. Ilikuja kwa mkupuo, paaa! Maji ya kilima yakashuka yakinguruma. Yakafika penye shimo la Mama Ngiri. Wanawe walikuwa mlangoni, pua zimepangwa, wanatazama. Maji yakaingia mferejini, yakapita, yakapita, yakapita, yakaenda zake bondeni. Mlangoni halikuingia tone.

Mama Ngiri akazirudisha nyasi shimoni. Usiku huo alilala.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kihongwe akaamka kama siku zote, akaenda kusimama penye nguzo yake, mgongo tayari. Nguzo tupu. Shogi liko kwenye trekta. Akangoja aitwe.

Hakuna aliyemwita.

Nguchiro akapita. Akaenda zake kwenye trekta. Jua likapanda. Kihongwe angali amesimama. Akasema moyoni, basi, ndiyo hii.

"Kihongwe!"

Akashtuka, masikio juu. "Nipo! Nibebe nini?"

"Usibebe," alisema Mama Ngiri. "Uji umeiva, njoo tule. Halafu Tumbili anauliza samadi ipitie wapi. Sisi hatukujua la kumwambia."

Kihongwe akaenda. Kwata, kwata. Lakini mlio haukuwa ule wa zamani. Ulikuwa mwepesi. Upepo ukampiga mgongoni, mahali ambapo upepo ulikuwa haujapagusa asubuhi hata moja. Alipofika kwenye majani, akasimama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akajibwaga chini, akalala chali, miguu yote juu, akagaagaa. Huku! Huku! Huku tena!

Wana wa Ngiri wakakimbia wakilia. "Mama! Mama! Babu Kihongwe amekufa!"

"Sijafa," alisema Kihongwe, macho yameelekea mbinguni. "Najikuna."

Basi, wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo, funzo lake ni hili. Unapochagua chombo cha kazi, itazame kazi na mahali pake, usijitazame wewe. Na ukiijua dawa ya shida ya wenzako, itoe, usiogope kwamba watakuacha. Kihongwe aliitoa, na uji wake ulikuwa ukimngoja ungali moto.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeitua. Atakayeibeba kesho, ajaze pande zote mbili.