Rubani Tai Aliyekataa Kustaafu

"Haya, mliokaa!"
"Tumekaa!"
"Na mliojibanza mlangoni?"
"Tunasogea!"
"Niwarushe?"
"Turushe!"
"Nikisharusha, nani atawashusha?"
"Wewe mwenyewe!"

Basi shikaneni vizuri.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali yao wenyewe, palikuwa na mto mpana, na mto huo ulijaa mamba. Upande huu palikuwa na malisho. Upande ule palikuwa na jabali ambako wanyama wadogo walijenga nyumba zao. Mnyama mdogo hakuweza kuvuka kwa miguu. Akijaribu tu, chubwi! Basi, hatuko naye tena.

Ndiyo maana wakaanzisha usafiri wa anga. Walisuka tenga kubwa la ukindu, wakalitia mishikio miwili. Abiria wanaingia ndani, ndege mwenye nguvu analikamata kwa makucha, vuuu! anapaa, anavuka mto, anashuka ng'ambo. Asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Rubani alikuwa Tai. Na juu ya shingo ya Tai alikaa Mbayuwayu, mwongoza njia. Mbayuwayu alikuwa mdogo, ukimfumbata mkononi haonekani. Kazi yake ilikuwa kusema: kushoto, kulia, juu, chini. Basi.

Tusimdhulumu Tai. Alikuwa rubani hasa. Mwaka wa mafuriko alivusha wanyama arobaini kwa siku moja, upepo unamchapa usoni, mvua inamchoma machoni, na hakumwaga hata mmoja. Mbayuwayu alikuwa naye siku ile, na hakuchoka kuisimulia.

Lakini hiyo ilikuwa zamani.

Sheria ilisema hivi: rubani akishaona masika ishirini, aweke tenga chini, apumzike. Tai akaona masika ishirini. Akaenda barazani, akatanua mabawa, akasema, "Nani mwingine atawavusha?" Baraza likatazamana. Likapandisha umri, masika ishirini na mawili. Ikafanywa sherehe, Tai akala kambare mnono wa kwanza.

Akaona masika ishirini na mawili. Akaenda barazani, akatanua mabawa, akasema, "Nani mwingine atawavusha?" Baraza likapandisha umri, ishirini na manne. Ikafanywa sherehe, Tai akala kambare wa kwanza na wa pili.

Akaona masika ishirini na manne. Akaenda barazani. Mnajua alichosema. Umri ukawa ishirini na sita, na siku hiyo wengine waliambulia mchuzi.

Sasa, aliyekuwa akiuliza "nani mwingine" alikuwa akiuliza huku Korongo amesimama pale pale mbele yake! Korongo, miguu mirefu, mabawa mapana, amesomea urubani, amefaulu, anangoja zamu. Kwa masika saba alikuwa akifanya mazoezi ya kubeba tenga la mawe. Kila asubuhi anapaa na mawe, anatua na mawe. Hata mawe yalikuwa yamechoka.

"Dada Mbayuwayu," Korongo alimwuliza siku moja, "hivi mimi nitakuja kubeba kitu chenye masikio?"

"Usiniulize," Mbayuwayu akajibu. "Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma."

Na kichwa kilimwuma kweli. Maana Tai sasa alikuwa haoni mbali. Tena mbishi.

"Kushoto, Rubani."
"Najua!"
"Kushoto zaidi, Rubani, kuna mti."
"Najua!"
"Mti, Mzee! Mti!"
Kwacha-kwacha-kwacha! Wamepita katikati ya matawi, abiria wana majani mpaka mdomoni.
"Huo mti," Tai anasema, "jana haukuwepo."

Mbayuwayu alikuwa amekwenda barazani mara mbili kusema ukweli. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kiboko, ambaye hajawahi kupanda tenga maishani mwake, na tenga hilo halimtoshi hata mguu mmoja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Mbayuwayu alisema, "Rubani haoni."

"Amepimwa macho," Kiboko akajibu. "Cheti kipo, na umri wake umo."

"Amepimwa na nani?"

"Na Daktari Fuko."

Mbayuwayu alifumba macho, akahesabu mpaka kumi. "Mheshimiwa, Fuko anaishi chini ya ardhi. Fuko mwenyewe haoni."

"Ndiyo maana hapendelei," akasema Kiboko. Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza, binti. Tukianza kuhesabu umri wa wenye vyeo, tutaishia wapi?" Akapiga miayo, akazama majini, bulubulubulu.

Ndipo ikafika ile jioni.

Mama Pimbi alikuwa akirudi nyumbani na watoto wake watatu. Wamekula, wameshiba, wanaimba ndani ya tenga. Tai akapaa, vuuu! Wakafika katikati ya mto. Jua lilikuwa linazama upande wa jabali, likimpiga Tai machoni. Akaona kitu kikubwa, cheusi, chenye kung'aa.

"Jabali lile," akasema. "Natua."

"Silo hilo, Rubani! Jabali bado!"

"Najua!"

"Mzee, hilo linapumua!"

"Nimesema najua!"

Pu! Tai akatua juu ya mgongo wa Kiboko.

Kiboko akashtuka, akainuka. Tenga likapinduka, chubwi! Mama Pimbi akashika ukingo kwa meno, mtoto mmoja akamkamata mguu, wa pili akamkamata mwenzake mkia. Wa tatu, yule mdogo, maji yakamchukua. Na kule kwenye matete magogo yakaanza kufumbua macho.

Mbayuwayu akamshukia mtoto, akamvuta sikio kwa mdomo, akavuta, akavuta. Mbayuwayu atainua nini? Alipiga mabawa mpaka akaona giza. Akapiga ukelele, "Korongo! Korongo wee!"

Korongo alikuwa juu na mawe yake. Akayaachia yote, pu, pu, pu, juu ya vichwa vya mamba, akashuka kama jembe, akachota tenga lote, Mama Pimbi, watoto wawili, na yule wa tatu akamnyakua kwa mdomo. Akatua jabalini taratibu, hata vumbi halikujua kama kuna mgeni.

Mama Pimbi alikaa chini, akawalamba watoto wake mmoja mmoja, kisha akaanza kuwalamba upya. Mbayuwayu alisimama kando, manyoya yakidondosha maji, akiutazama mdomo wake mdogo uliokuwa bado umekamata vinyweleo viwili vya sikio la mtoto.

Kesho yake mtadhani Kiboko alikuwa amekasirika. Hata!

"Ilikuwa hali ya hewa," Kiboko alitangaza. "Na kusema kweli, alitua vizuri. Mgongo hauniumi sana." Kisha akasoma ajenda: ombi la Rubani Tai la kupandisha umri wa kustaafu kutoka masika ishirini na sita hadi ishirini na manane.

Mbayuwayu aliposikia alitaka kulia, akataka kucheka, akataka kumng'ata mtu. Alikwenda akakaa peke yake juu ya tete. Nimesema ukweli mara mbili, akawaza. Ukweli hawautaki. Basi ngoja niwape wanachokitaka.

Siku ya baraza ikafika. Wanyama wakajaa. Tai akaja, akatanua mabawa, akasema, "Nani mwingine atawavusha?" Korongo akainamisha kichwa. Mama Pimbi akawakumbatia watoto.

Mbayuwayu akaruka, akatua juu ya pua ya Kiboko.

"Mheshimiwa, naunga mkono."

Korongo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake.

"Naunga mkono," Mbayuwayu akarudia. "Ipandishwe, iwe ishirini na manane. Uzoefu hauuzwi sokoni. Pitisheni."

Kiboko akafurahi, akagonga meno, ko! ko! ko! "Imepita! Kuanzia leo mwisho ni masika ishirini na manane, na hakuna kuzidisha hata siku moja."

"Hata siku moja?" Mbayuwayu akauliza.

"Hata siku moja!"

"Asante. Sasa nina ombi dogo. Katika sherehe hizi za kupandisha umri, tumekuwa tukimpa rubani kambare wa kwanza. Ni sawa? Mimi naona ni aibu. Napendekeza tuweke Kiti cha Mkongwe wa Anga. Atakayekikalia ni rubani mwenye masika mengi kuliko wote, naye atakula kambare wa kwanza mpaka wa kumi. Atapigiwa ngoma. Na kila apitaye mbele yake atapiga magoti. Kiti kile pale, na kambare wa leo wameshachomwa."

Tai akameza mate, glu.

"Kiti hicho ni changu," akasema.

"Ndivyo nilivyotaka, Mzee wangu," Mbayuwayu akasema kwa huzuni. "Ila kuna tatizo. Nasikia upande wa juu wa mto yuko Mwari mmoja, ndege rubani kama wewe, na yeye ameona masika thelathini. Wewe una ishirini na sita tu. Kiti itabidi tumpelekee Mwari."

"Mwari?" Manyoya ya shingo ya Tai yakasimama. "Yule mwenye mdomo kama gunia? Mimi nina thelathini!"

"Samahani, Mzee, nimekumbuka vibaya. Mwari ana thelathini na moja."

"Nina thelathini na mawili!"

"Lakini cheti chako kinasema..."

"Cheti!" Tai akafoka. "Cheti kiliandikwa na Fuko, Fuko anajua nini? Nilimwambia apunguze! Nina thelathini na matatu! Nilikuwa nikibeba tenga huyu Kiboko bado ananyonya! Ulizeni mabonde, ulizeni milima! Thelathini na matatu kamili, na leteni kambare wangu!"

"Thelathini na matatu," Mbayuwayu akasema polepole. "Mheshimiwa Mwenyekiti, umesikia?"

Kiboko alikuwa amesikia. Na wanyama wote walikuwa wamesikia. Mama Pimbi akasimama, akiwa na mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia: "Mwisho ni masika mangapi, Mheshimiwa?"

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna wa kumsaidia. "Ishirini na manane," akasema.

"Na kuzidisha?"

"Hata... hata siku moja."

Tai akakunja mabawa. "Nilikuwa natania," akasema. "Nina ishirini na sita."

"Basi kiti aende nacho Mwari," akasema Mbayuwayu.

Ndugu zangu, mngemwona Tai siku ile! Anatazama tenga, anatazama kiti. Anatazama kiti, anatazama tenga. Na nyuma ya kiti kambare kumi wamepangwa juu ya jani la mgomba, wanene, wananuka moshi. Alikwenda hatua moja kwenye tenga. Akarudi mbili kwenye kiti. Mwishowe akaketi, kwa hasira, akala kambare kumi bila kumtazama mtu. Ngoma ikapigwa. Wanyama wakapiga magoti, na wengi walipiga magoti kwa moyo kabisa, maana waliukumbuka mwaka wa mafuriko.

"Sherehe nyingine lini?" Tai akauliza akijipangusa mdomo.

"Umri utakapopandishwa tena, Mzee," Mbayuwayu akajibu. "Hizi ni sherehe za kupandisha umri."

"Na utapandishwa lini?"

"Rubani aliyepo atakapoomba."

Rubani aliyepo alikuwa Korongo. Korongo alikuwa na masika tisa.

Tai akahesabu. Akahesabu tena.

Jioni ile Korongo akapaa na Mama Pimbi na watoto wake watatu. Vuuu, mto ukapita chini. Mbayuwayu juu ya shingo akasema, "Kulia kidogo," na Korongo akaenda kulia kidogo. Hivyo tu! Hakuna kelele, hakuna majani mdomoni. Mbayuwayu alingoja ubishi, haukuja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kushuka shingoni mwa rubani bila kichwa kumwuma, akajikuta hajui afanye nini na jioni yote iliyobaki.

Sasa, Kiboko hakufurahi. Kutwa akatafuta pa kulipizia. Siku ya tatu akamwita Mbayuwayu barazani.

"Binti," akasema, "tumeangalia sheria vizuri. Kumbe mwongoza njia naye ana mwisho wake. Masika kumi. Tunafuata sheria, sivyo? Umri wako?"

Mbayuwayu akatazama maji, akatazama mawingu. Alikuwa juu ya shingo ya Tai tangu kabla ya mafuriko, na mafuriko hayo hata wazee walikuwa wanaanza kuyasahau.

"Tisa," akasema.

"Una uhakika?"

"Muulizeni Daktari Fuko."

Mwaka uliofuata wakamwuliza tena. Tisa. Na mwaka uliofuata. Tisa. Kiboko alipotaka kugomba, Mbayuwayu alimwuliza kwa upole Mheshimiwa naye ameona masika mangapi, na baraza likaahirishwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia, na aliyesinzia asijisingizie kusikia.

Mnataka funzo? Funzo ni hili, wanangu. Ukiulizwa umri wako, sema ukweli bila kuficha. Tai alisema, na mmeona alivyoheshimiwa. Na walio wadogo, msiwadanganye wakubwa zenu hata kidogo. Ni vibaya sana. Isipokuwa kama mkubwa mwenyewe ndiye aliyewabeba, mko juu ya mto, na anasema anajua.