Bi Pimbi na Warsha ya Siku Saba

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na vikao vyenye wenyeviti, aliishi mama mmoja aitwaye Bi Pimbi. Sogeeni karibu, wanangu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, wenzako wasikie.

Mnamjua pimbi? Ni yule mdogo kama paka, asiye na mkia, anayekaa majabalini. Bi Pimbi alikuwa na nyumba ya vyumba viwili juu ya mwamba. Jirani yake, tena wa ukuta mmoja, alikuwa Mama Kuchakulo, wa ukoo wa kindi, na wanawe watano.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, mpaka vijito vyote vya nyikani vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, bwawa la Mzee Kiboko. Wakubwa walikwenda kunywa wakati wowote waliotaka. Wadogo walipenya katikati ya miguu yao, wakalamba maji mara mbili, mara tatu, halafu mbio!

Siku moja kitindamimba wa Mama Kuchakulo akachelewa kukimbia. Tifu! Mguu wa Mzee Kiboko ukatua juu ya kiguu chake.

"Nani huyo anayepiga kelele asubuhi yote hii?" Kiboko akauliza.

"Ni mwanangu, mzee! Umemvunja mguu!"

"Lo, poleni. Sikumwona." Kiboko akapiga mwayo. "Mwambieni akue."

Bi Pimbi ndiye aliyemfunga mtoto vijiti mguuni. Alifunga bila kusema neno, na Mama Kuchakulo akajua jirani yake amekasirika, kwa maana Bi Pimbi akinyamaza, jambo liko jikoni.

"Shoga," Bi Pimbi akasema mwishowe, "pale bondeni nyuma ya mwamba wetu nyasi bado ni kijani. Chini yake kuna maji. Tuchimbe kisima chetu wenyewe."

Wadogo wote wakashuka bondeni, wakachimba kwa kucha. Kwaru! Kwaru! Lakini ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Baada ya siku tatu shimo lilitosha kuatamisha kuku mmoja, tena mwembamba.

"Bila majembe tutakufa na kiu," akasema Mama Kuchakulo akilamba kucha zilizovunjika. "Na majembe tutayatoa wapi?"

"Kwenye Mfuko," akasema Bi Pimbi. "Si ndiyo kazi yake?"

Naam, wanangu, nchi hiyo ilikuwa na Mfuko wa Jamii. Kila mavuno, kila mnyama, mkubwa kwa mdogo, alipeleka kapu la mazao kwenye ghala la Mfuko, ili siku ya shida mwenye shida asaidiwe. Mwenyekiti wa kamati ya kugawa alikuwa Mzee Kiboko. Katibu alikuwa Mzee Kifaru, ambaye alipewa kazi ya kusoma maombi ingawa macho yake hayaoni mbali wala karibu. Mshauri wa kamati alikuwa Bwana Fisi, kiongozi wa Umoja wa Kupambana na Njaa. Umoja huo ulipewa ruzuku kila mwaka, na kwa kweli njaa ilipungua sana, nyumbani kwa Fisi.

Bi Pimbi akajitanda kanga yake safi, akaenda ofisini. Akakuta kamati imekaa.

"Hodi, wazee. Shikamooni."

"Marahaba," akasema Kifaru. "Una andiko?"

"Andiko gani, mzee?"

"Andiko la mradi! Lenye dira, dhima na malengo mahususi."

"Mzee wangu, mimi nina mtoto wa jirani aliyevunjika mguu, na wadogo wote hatuna pa kunywa."

"Hayo utayaweka kwenye kiambatisho," akasema Kifaru. "Mwingine!"

Hapakuwa na mwingine. Bi Pimbi akarudi nyumbani, akatafuta gome la mti, akaandika. Baada ya siku mbili huyo tena, gome kwapani.

Kifaru akalishika gome juu chini, akasoma kwa muda mrefu. Alipochoka akamrudishia mwenyewe alisome.

"Dira yetu: kunywa," akasoma Bi Pimbi. "Dhima yetu: kuchimba. Lengo mahususi: kutokanyagwa. Tunaomba majembe sita na chakula cha wachimbaji."

Kiboko akatikisa kichwa kizito. "Mmewahi kupewa ruzuku na Mfuko huu?"

"Hatujawahi, mzee."

"Basi hamna uzoefu. Mfuko huwapa wale waliowahi kupewa."

"Na hao, mzee, mara ya kwanza walipewaje?"

Kifaru akakohoa. Nzi akatua kwenye pua ya Kiboko, akaondoka.

"Kwa-kwa-kwa!" Fisi akacheka. "Bibi, hapa maswali huulizwa na kamati."

"Halafu umeomba majembe," Kiboko akaongeza, kana kwamba ametajiwa tusi. "Mfuko hautoi majembe. Mfuko unajenga uwezo."

Bi Pimbi akatoka, gome kwapani. Nje, Fisi akamfuata akichokonoa meno.

"Usikate tamaa, bibi. Unakosea kuomba vitu. Vitu havipewi."

"Wewe mwaka jana uliomba nini, Bwana Fisi?"

"Warsha! Siku kumi, juu ya Chanzo cha Njaa."

"Mkakijua hicho chanzo?"

"Tulikijadili. Lakini tulipokwisha shiba tukaona mada ni pana mno."

"Na wazee wa kamati walikubali?"

"Wakatae vipi, na wao ndio wageni rasmi? Wao hula kwanza!" Kwa-kwa-kwa! Akaenda zake.

Bi Pimbi akasimama njiani. Akatazama kwato za wakubwa zilivyochimba barabara, kila hatua shimo. Akatazama kucha zake mwenyewe. Halafu, wanangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mtoto akanyagwe.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama Kuchakulo akilia. Mtoto alikuwa amejaribu kwenda bwawani kwa mguu mmoja.

"Shoga, wamekunyima?"

"Wamenifundisha," akasema Bi Pimbi. "Nipe gome jingine. Na safari hii nitaandika kweli tupu, ila nitaiandika kwa lugha yao."

Mara ya tatu alipoingia ofisini hakusubiri kuulizwa.

"Wazee wangu, naleta andiko la Warsha ya Siku Saba ya Kuwajengea Wakubwa Uwezo wa Uchimbaji Shirikishi, kwa Nadharia na kwa Vitendo."

Kiboko akafumbua macho yote mawili. "Wakubwa gani?"

"Ninyi, mzee. Ndio washiriki, na ndio wageni rasmi."

"Posho ipo?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Mtama, karanga na viazi."

"Na vyeti?"

"Vyenye muhuri, mzee."

"Dhima ipo?" Kifaru akauliza kwa ukali.

"Ipo, gome la pili."

Kifaru akalinusa gome la pili. "Ipo," akasema.

Fisi akakunja uso. "Hapo penye 'kwa Vitendo,' bibi, maana yake nini?"

"Ala, Fisi!" Kiboko akafoka. "Kila mwaka warsha zako tunakaa tu mpaka viuno vinatuuma. Vitendo ni vizuri. Katibu, gonga muhuri."

Pa! Muhuri ukagongwa.

Siku ya kwanza ya warsha, bondeni nyuma ya mwamba, kila mtu alijitambulisha na kula. Wadogo waliajiriwa kuwa wahudumu, na mhudumu, kama mnavyojua, halali njaa. Siku ya pili ilikuwa ya nadharia. Bi Pimbi akauliza, "Wazee, shimo ni nini?" Wakabishana asubuhi nzima, mpaka Kiboko akasimama na kusema, "Shimo ni mahali ambapo udongo haupo." Wakampigia makofi, na maneno yake yakaandikwa kwenye gome.

Siku ya tatu Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Leo ni vitendo. Kikundi cha kwanza, Mzee Kiboko. Kikundi cha pili, Mzee Kifaru. Ila nina hofu, wazee wangu. Ardhi hii ni ngumu sana. Sisi wadogo tumeshindwa, na sitaki kamati iaibike."

"Aaibike nani?" Kiboko akanguruma.

"Basi mzee atupishe tuanze na Mzee Kifaru. Nasikia kwa nguvu yeye ndiye hasa."

"Nani kakwambia?"

Puu! Kiboko akapiga ardhi kwa mguu. Puu! Puu! Kifaru naye akainamisha pembe. Kwaruu! Vumbi likapanda juu, mabonge ya udongo yakaruka kama kunguru waliofukuzwa. Wadogo wakasomba udongo kwa vikapu huku wakiimba, "Uwezo, uwezo, umejengeka!" Kila Kiboko alipotaka kupumzika, Bi Pimbi alisema kwa upole, "Pumzika, mzee. Kifaru amekupita kidogo tu." Na kila Kifaru alipotaka kupumzika aliambiwa hivyo hivyo.

Fisi hakuchimba. Alijiteua mwenyewe kuwa mtathmini, akakaa ukingoni na sahani ya viazi. Lakini pua ya fisi haidanganyiki. Siku ya tano akainusa hewa, akashika udongo, ukamlowesha kidole.

"Bi Pimbi!" akaita. "Hebu njoo. Udongo huu umelowa. Hii si warsha, hiki ni..."

"Bwana Fisi," Bi Pimbi akamkatiza kwa sauti ya chini, "warsha ikisimama leo, posho ya siku mbili zilizobaki inarudi ghalani."

Fisi akatazama udongo. Akatazama sahani. Akameza mate.

"Kuna nini huko juu?" Kiboko akauliza kutoka shimoni.

"Nasema hiki si kina cha kutosha, mzee!" Fisi akajibu. "Ongezeni bidii!"

Siku ya saba, siku ya kufunga, wanyama wa nyika nzima walikuja kushuhudia. Walijaa mwambani kutoka chini mpaka kileleni. Kifaru akachimba kwa pembe mara ya mwisho. Kwaruu! Mara, bubu-bubu-bubu! Maji yakabubujika kutoka ardhini. Kifaru akateleza. Chubwi!

"Maji!" wakapiga kelele wadogo.

Kiboko akabaki ameduwaa, maji yamefika magotini. Alitazama ukuta wa shimo kulia, akatazama kushoto. Polepole, kama jua linavyopanda, akaelewa. Akapanda kutoka shimoni, udongo ukimdondoka, mpaka akasimama mbele ya Bi Pimbi.

"Hiki ni kisima."

"Ni matokeo ya warsha, mzee."

"Umenifanya kibarua! Mimi, mwenyekiti, nimewachimbia kisima kuchakulo na panya!" Akainua mguu. Kivuli chake kikamfunika Bi Pimbi mzima.

Mama Kuchakulo akafumba macho. Msidhani Bi Pimbi hakuogopa. Lakini hakukimbia.

"Mzee wangu," akasema polepole, "watu wote hawa wanasubiri tangazo. Nitangaze lipi? Kwamba pimbi ameifanya kamati nzima vibarua kwa siku saba? Au kwamba kamati imehitimu?"

Mguu ukabaki hewani. Kiboko akawatazama wanyama mwambani. Akamtazama Kifaru, anayetafuta mahali pa kutokea majini. Fisi akajifanya anasafisha sahani.

Mguu ukashuka, pembeni.

"Vyeti viko wapi?" akauliza Kiboko.

Vigelegele! Lililili! Vyeti vikagawiwa, muhuri juu ya kila jani. Fisi alipata cha utathmini, akakinusa kama kinalika.

Kesho yake asubuhi wadogo wakapanga mawe kuzunguka kisima, wakaacha njia ya kupita mnyama asiyezidi ukubwa wa paka. Mtoto wa Mama Kuchakulo ndiye aliyeshushwa wa kwanza. Akanywa, akapumua, akanywa tena, na mama yake hakumwambia afanye haraka.

Na Mzee Kiboko je? Alikitundika cheti chake juu ya mlango. Wageni kutoka nchi nyingine walikuja kukitazama, na mmoja wao, nyati, akamwuliza, "Mwenyekiti, huu uchimbaji shirikishi hasa ndio nini?"

Kiboko akafikiri sana.

"Ni hivi," akasema. "Mimi nachimba, wao wanashiriki."

Basi, wanangu, hadithi imefika ukingoni: mwenye nguvu akikunyima jembe, msifie nguvu zake mpaka achimbe.