Mipira ya Mgomba ya Mama Mwanaidi

"Mpira wa nyumbani haupotei mteremkoni." Jana nilimwambia hivyo dada yenu Rukia alipokuwa akifunga begi la safari ya masomo, nanyi wajukuu zangu mkaangua kicheko, mkauliza mpira umeingiaje katika safari. Methali hii ilianza hivi, na wala msiitafute mbali. Ilizaliwa kwenye nyasi hizi hizi mlizokalia.

Sisi ni watu wa milima ya Usambara. Kupata uwanja tambarare kwetu ni kutafuta unywele kwenye kipara, na uwanja huu wa marehemu baba yangu, Mzee Hoza, umeinama kuliko yote. Hata hivyo kila Iddi ukoo mzima ulikusanyika hapa. Mwaka mmoja shangazi yangu Hidaya akatuma salamu kutoka Tanga: mumewe, Bwana Seif, anaona watoto wanachoka kukaa mlimani bila mchezo, basi Iddi ile itakuwa ya mwisho kwetu. Kuanzia mwakani tutakutana kwao. Siku hiyo baba hakula. Alikuwa mkubwa wa ukoo, na iliyokuwa ikimtoka ni heshima ya mji wake, naye angali hai.

Mama yangu, Mwanaidi, hakuwa mtu wa kulea huzuni. "Kama ni mchezo wanaoutaka," alisema, "tutautengeneza."

Baba akachonga mipira ya mti, laini, ya mviringo usio na kasoro. Mkono wake ulikuwa wa fundi, na sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu. Alirusha wa kwanza, ukapita nyasi zote, ukapenya ua, ukaingia kwenye kabichi za jirani. Wa pili ukamfuata mwenzake.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Zuhura, umechonga vizuri, ila umechongea uwanja wa nani? Wetu una mteremko."

Akakusanya magome makavu ya mgomba, akayasokota, akasuka mipira iliyojaa mafundo. Mafundo hayo aliyaacha makusudi, yapate kushika nyasi. Baba naye akakata vipande vya mianzi, akavijaza udongo, na kitako cha kila kimoja akakikata mshazari kufuata mlalo wa ardhi ili kisimame wima. Mchezo wenyewe ulikuwa kuviangusha kwa kurusha mpira.

Iddi ikafika. Bwana Seif naye hakuja mikono mitupu. Alileta seti ya dukani, viguzo vya plastiki na mipira inayong'aa. Viguzo vilianguka kabla ya kuguswa. Mipira ilishuka bondeni, watoto wakaikimbilia mpaka wakachoka, wakakaa wamenuna.

"Si nilisema?" Bwana Seif akamgeukia baba. "Hapa hapachezeki, shemeji."

Mama akatoka jikoni na tenga lake.

"Shemeji, hebu jaribu hii."

Bwana Seif akaugeuza mmoja mkononi. "Sasa hii ni mipira au vitumbua?"

"Rusha kwanza, utani baadaye."

Akarusha. Mpira ukatua, ukajiviringisha kidogo, ukaangusha mianzi miwili, ukatulia papo hapo. Bwana Seif aliutazama. "Nipe mwingine," akasema.

Pilau ilipoa siku ile. Wanaume walivua kanzu zao, na shangazi Hidaya akamshinda mumewe mbele ya watoto, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha maisha yao yote. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Niliwatazama wazazi wangu nikaona fahari ambayo haijanitoka hadi leo.

Wakati wa kuaga, Bwana Seif alirudisha mipira tengani mwenyewe. "Shemeji," alimwambia baba, "yangu yote imeishia bondeni, yenu yote iko hapa. Mpira wa nyumbani haupotei mteremkoni. Mwakani mtuwekee nafasi, tunakuja."

Baba akajifanya anapanga mianzi, lakini nilimwona akifuta macho.

Basi Rukia anakwenda kwenye nchi iliyoinama kuliko uwanja huu. Siogopi. Tumemsuka wenyewe, na mafundo yetu anayo. Nimemtilia mpira mmoja wa mgomba begini, chini ya nguo, na atakapouona atajua bibi yake alimaanisha nini: mpira wa nyumbani haupotei mteremkoni.