Kwa Nini Genge la Luvuno Hutazamwa kwa Kulala

Simameni hapo hapo kwanza, wageni wangu, msisogee. Zamani hapa hapakuwa na genge. Palikuwa na kilima, na juu yake njia iliyounganisha vijiji viwili vya wachoma chokaa.

Watu wale walikuwa na desturi moja: bwana harusi hakabidhiwi mke mpaka nyumba yake ing'ae kwa chokaa. Ikiwa na doa, mashemeji watalicheka hadi mjukuu azaliwe. Sasa, mawe ya juu yalitoa chokaa ya kijivu, na meupe kabisa yalikuwa tumboni mwa kilima. Basi kila harusi walichimba ndani zaidi, wa huku na wa kule, wala hakuna aliyejiuliza kilima kimebaki kimesimama juu ya nini. Wajinga wa Mungu!

Wa kwanza kushtuka alikuwa Bibi Jumwa. Alikuwa akitwanga mahindi kule juu, akasikia kila pigo la mchi likijibiwa kutoka chini, kama anayegonga mtungi mtupu. Alikwenda kuwaambia wazee. Wakacheka.

"Ni tumbo lako hilo, mama. Nenda ukale kwanza."

Siku ya harusi ya mjukuu wake, Luvuno, msafara ulipanda kilima kwa ngoma na vigelegele. Bwana harusi, Chengo, alikuwa akingoja upande wa pili wa kilima, ndani ya nyumba nyeupe iliyoumiza macho. Bibi Jumwa akawatangulia mbio, akajitupa kifudifudi katikati ya njia.

"Hawe, unaniaibisha!" Luvuno alimlilia bibi yake. "Inuka!"

"Niruke, mjukuu wangu, kama unaweza."

Nani angemruka mzee aliyelala? Mwiko huo ulikuwa na nguvu kuliko hasira zao. Ngoma zikanyamaza, watu wakabaki kugombana. Ndipo wote wakasikia ardhi ikinguruma chini ya nyayo zao.

Kilima kikaporomoka. Jamani, kilikwenda chote kuanzia hatua chache tu mbele ya kichwa cha bibi! Mimi nilisimuliwa tu. Waliiona ile nyumba nyeupe imesimama peke yake kitambo kidogo, mlango wazi, kisha haikuwepo. Luvuno akalala kando ya bibi yake, akachungulia.

"Chengo! Chengo wee!"

Kilichomjibu ni vumbi jeupe, lililopanda likamganda kifuani.

Na tangu siku hiyo nyumba za hapa ni za udongo mwekundu, hata ya bwana harusi. Na genge hili halitazamwi kwa kusimama, si upande huu wa Luvuno, si kule kwa Chengo. Mtu hulala kifudifudi, akatambaa mpaka ukingoni. Wengi hulala wakicheka. Sijaona aliyeinuka akicheka.

Haya, laleni. Mkiinuka mtakuwa na vumbi jeupe kifuani. Msilipanguse hapa. Luvuno alirudi nalo mpaka kwao.