Sahihi ya Pili

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Wahenga waliosema hivyo walijua kuwa mwenye wivu hujila mwenyewe kabla hajamfikia anayemwonea. Maneno hayo, fundi cherehani mmoja aliyajua tangu utotoni. Wateja walimwita Sentimita kwa kuwa hakuwahi kukosea kipimo. Lakini kujua methali si kinga.

Sentimita na mkewe, muuguzi wa wodi ya watoto, walikuwa na akaunti ya pamoja, iliyohitaji sahihi ya mmoja wao tu kutoa pesa. Kila mwezi kila mmoja aliweka humo sehemu ya kipato chake, na benki ikakata humo malipo ya kiwanja walichokuwa wakinunua kidogo kidogo. Mbali na hiyo, kila mtu alikuwa na yake. Kabla ya ndoa mkewe alimwambia, "Nina akaunti nyingine, ya jukumu la zamani. Ukitaka, nitakueleza."

"Ya kale hayanihusu," alijibu Sentimita, mapenzi yakiwa yamemlewesha.

Mwaka wa tatu wa ndoa, akitafuta kadi ya chanjo ya mtoto kabatini, alikuta karatasi ya benki. Majina yalikuwa mawili, kila moja na sahihi yake: la mkewe na la mwanamume asiyemjua. Moyo ukamwenda mbio kama sindano ya cherehani.

Hakuuliza. Aliirudisha karatasi mahali pake, akalifungia neno lile kifuani. Tangu hapo simu ya mkewe ikilia, yeye alitega sikio. Mkewe akichelewa kazini, yeye alihesabu dakika. Chakula kikamshinda, hata akalazimika kuzipunguza suruali zake kiunoni mara mbili. Sare za kwaya akazikata mikono, zote zikatoka fupi.

"Fundi, siku hizi unapima kwa macho?" mteja mmoja alimuuliza.

Nyumbani mkewe naye aliona. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona unakwisha?"

"Kazi tu."

Mwishowe kidonda kikatumbuka. "Kama ana mwanaume wa kuweka naye pesa, mimi nabaki bwege wa nini?" alijisemea. Adhuhuri moja alikwenda benki akahamisha pesa zote za akaunti ya pamoja, akaziweka katika yake.

Siku ya malipo ya kiwanja benki ilikuta patupu. Lilikuwa fungu la mwisho. Waliwahi kuchelewa mara moja mtoto alipozaliwa, na mkataba haukuruhusu mara ya pili. Muuzaji, aliyekuwa na mnunuzi mwingine mwenye dau kubwa, hakupoteza muda. Aliuvunja mkataba.

Mkewe aliingia kwenye kibanda cha kushonea na sare zake za kazi, simu mkononi. "Pesa zimekwenda wapi?"

"Muulize mwenye sahihi ya pili," Sentimita alijibu bila kuinua uso. "Yule wa kwenye karatasi yako."

Mwanamke aliketi polepole kwenye benchi la wateja. "Yule ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu wa kwanza. Mama yao ni kipofu, mimi na yeye tunamnunulia dawa. Tunasaini wote wawili ili asije mmoja akamshuku mwenzake. Nilitaka kukueleza, ukasema hayakuhusu."

Sentimita alitoka mbio kwa muuzaji na pesa zote mkononi. Alirudi nazo vilevile. Kiwanja kilikuwa kimeshauzwa, na katika yote waliyokuwa wamelipa walirudishiwa nusu tu.

Jioni ile alimwambia mkewe, "Nisamehe, mama. Tufungue akaunti nyingine ya pamoja, tuanze upya."

"Nimekusamehe," alisema mkewe, akimkunjia mtoto nguo. "Lakini kwa sasa kila mtu abaki na yake. Siku nikiweza tena, nitakwambia mwenyewe."

Mwaka ukapita, hakumwambia. Waliendelea kuishi katika vyumba vilevile vya kupanga, na Sentimita, aliyeogopa kuibiwa na mwanamume mwingine, alikuwa amejiibia mwenyewe kiwanja na imani ya mkewe. Hakika, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda.