Mkalimani Aliyeingia wa Kwanza

Kutangulia si kufika. Maana ya methali hii si ngumu: aliyeondoka mapema anaweza kupotea njiani, na aliyechelewa kuondoka akafika salama. Wengi huitumia kumtania jirani aliyechimba msingi kabla ya wenzake na hadi leo hajaezeka. Kisa cha Gosbert, hata hivyo, hakina utani ndani yake, na mimi ninayekisimulia sijawahi kukitaja nikacheka.

Gosbert alikuwa mkalimani wa Kiswahili katika ofisi moja ya serikali mjini Durban, ambako wakimbizi huenda kueleza kwa nini wameikimbia nchi yao. Afisa huuliza kwa Kiingereza, mkimbizi hujibu kwa Kiswahili, na mkalimani huketi katikati akivusha maneno. Mtanzania huyu wa Bukoba alikuwa ameketi hapo katikati kwa miaka kumi na saba, na kasi yake ilikuwa ya ajabu. Mkimbizi alipofungua tu kinywa na kutaja kijiji chake, Gosbert alikwisha kujua mlango ulivunjwaje na nani aliuawa, maana hadithi za namna hiyo alizisikia kwa maelfu. Kabla mtu hajamaliza sentensi, yeye alishaimaliza kwa Kiingereza. Maafisa walimpenda sana, kwa kuwa siku ya Gosbert walirudi nyumbani mapema.

Katika ofisi ile ukubwa ulikwenda kwa miaka ya kazi. Mkuu wa wakalimani akistaafu, anayemfuata kwa miaka hukikalia kiti. Wakuu wawili walikwisha kustaafu mbele ya macho ya Gosbert, na wa tatu alikuwa anajiandaa kuaga. Zamu ilikuwa yake. Wenzake walishaanza kumwita bosi, naye hakuwakataza.

Ndipo ikaja barua kutoka Pretoria. Cheo sasa kitatolewa kwa mtihani. Kila mkalimani ataufanya, na atakayepata chini ya nusu, mkataba wake hautaongezwa. Gosbert aliisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea mkataba ule. Bila mkataba, yeye, mkewe Rhoda na binti yao Clara aliyebakiza mwaka mmoja shuleni wangekuwa wageni wasio na karatasi, na wasio na karatasi hukamatwa barabarani mchana kweupe.

Tangu siku hiyo hofu ilihamia katika nyumba yao ya mtaa wa Umbilo. Geti likigongwa, Gosbert alishtuka. Chakula kilimshinda, akakonda kama ng'onda.

"Baba Clara, mtihani wa kazi yako mwenyewe unakutisha nini?" Rhoda alimwuliza. "Si kusikiliza na kusema tu?"

"Ndicho kinachonitisha," alijibu, na hakutaka kueleza zaidi.

Pale kazini palikuwa na Immaculée, Mkongo wa Uvira, mwenye miaka mitatu tu kazini. Gosbert ndiye aliyemfundisha. Binti huyu alikwenda mwendo wa jongoo: alimwomba mkimbizi arudie, akaandika, akauliza tena. Gosbert alizoea kumtania kwamba wakimbizi wake watazeekea kitini. Wiki moja kabla ya mtihani Immaculée alimfuata.

"Papa Gosbert, tujizoeze pamoja. Wewe unasema kama mkimbizi, mi natafsiri, kisha tunabadilishana. Mi naogopa sana. Eish, hata usingizi iko inanikimbia."

"Nijizoeze na wewe? Nilikuwa kwenye kiti hiki wewe ukiwa bado kwenu Uvira!"

"Ni kweli, papa. Lakini examen haiulizake miaka."

Maneno hayo yalimchoma. Alikataa, na ukweli ni kwamba hakukataa kwa dharau. Aliogopa mwanafunzi wake asije akamwona akikosea.

Siku ya mtihani ikafika. Karani alitaka waingie kwa mpangilio wa majina, lakini Gosbert akashikilia kwamba mwenye miaka mingi ndiye huingia kwanza, na wote wakampisha. Ndani alikuta watahini watatu. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Kikongo aliyeitwa Anatole.

"Papa, utasikia sauti ya mama moja," mzee alisema akimpa vifaa vya kusikilizia masikioni. "Tafsiri ile anasema."

Sauti ya mwanamke ikaanza, ya chini na ya taratibu. "Tulikuwa tunalala. Wanaume wenye bunduki wakafika kwa mulango. Bwana yangu akaamuka..."

Ulimi wa Gosbert ukateleza wenyewe. Kwa Kiingereza safi alieleza kwamba wanaume wale walivunja mlango wakamuua mume mbele ya macho ya mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu barua ifike alijisikia mwepesi. Kisha akaona kwamba watahini hawaandiki. Masikioni mwake sauti ilikuwa bado inaendelea.

"...akawafungulia. Alikuwa anawajua. Ni yeye aliwaleta."

Gosbert aliinua mkono. "Naomba nirudie," alisema.

"Ngoja, papa. Hiyo ilikuwa rekodi ya ofisi yenu, ila tuliondoa sauti ya mkalimani. Sasa sikia yote."

Mwanamke alianza tena, na juu ya maneno yake ikapanda sauti ya mwanamume yenye haraka, ikimwambia afisa kwa Kiingereza kwamba mlango ulivunjwa na mume akauawa. Sauti ile ilikuwa ya Gosbert mwenyewe.

"Ni miaka tisa sasa," Anatole alisema. "Afisa aliandika bwana alikufa. Kisha mama akasema bwana ni muzima, iko anamutafuta hapa Durban. Wakasema mama ni muongo, wakamunyima karatasi. Ni ile ilituleta na mutihani."

"Yuko wapi sasa?"

"Hatujue."

Gosbert alijaribu kuikumbuka sura ya mwanamke yule, asiikumbuke. Ile hofu ya mkataba iliyomkondesha ikawa ndogo, kwa maana alianza kujiuliza ni wangapi wengine aliowamalizia maneno yao, na kila alipojaribu kuhesabu, hesabu ilimpotea.

Alipotoka, Immaculée alisimama. "Ni ngumu, papa?"

Angeweza kupita kimya. Badala yake alimshika mkono. "Mwache amalize," alisema. "Hata akinyamaza, mwache amalize."

Baada ya wiki mbili majina yalibandikwa. Immaculée, mdogo wa wote kwa miaka ya kazi, alikuwa wa kwanza na kiti kikawa chake. Gosbert, aliyeingia kabla ya wote, alikuwa wa mwisho, chini ya nusu.

Siku hiyohiyo alibisha mlango wa mkuu mpya. "Mama mkuu," alimwita, "mkataba wangu umebakiza miezi miwili. Nipe rekodi zangu nizisikilize."

Immaculée alilengwalengwa na machozi. "Zote, papa? Iko maelfu."

"Zote. Nataka kujua nani mwingine."

Gosbert akavaa vifaa masikioni, akaanza na ile ya mwaka wa kwanza. Safari hii alimsikiliza mtu hadi neno la mwisho, miaka kumi na saba baada ya mtu huyo kulisema. Hakika, kutangulia si kufika.