Kwa Nini Vyumba vya Kitokwe Vina Weupe wa Namna Mbili

Zamani, mji wa Kitokwe ulijua weupe mmoja tu. Chokaa ilitoka tanurini, ikachanganywa na maji, ikapakwa kila mahali: kuta, dari, mpaka ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea sahani na vyetezo. Watu walijivunia weupe huo kupita kiasi. Tatizo lilikuwa moja, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Mtu mwenye afya yake akiingia chumbani, alionekana kama aliyeamka jana kutoka kwenye homa. Ndiyo maana bibi harusi, hata awe mzuri vipi, ilibidi atolewe uani ndipo watu wamtazame na kumsifu.

Fundi hodari wa chokaa siku hizo alikuwa Mwanamize, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikuwa amepaka vyumba vya maharusi wa mji mzima, na hakuacha kuwacheka mafundi wenzake kwa madoa yao. Hatimaye zamu ikafika ya binti yake mwenyewe, Rukaya. Desturi ilikuwa kali: alasiri ya siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi hukagua chumba, na akiona weupe wa chumba haukulingana, harusi hungoja mwaka mwingine. Rukaya alikuwa ameshangoja mwaka mzima kwa msiba wa babu yake, na alisema waziwazi kwamba wa pili hauwezi.

Asubuhi ya siku yenyewe Mwanamize alianza na zidaka. Alipotaka kupaka kuta, chokaa ilikuwa imekuwa nzito, akatoka kutafuta maji. Nyumba nzima ilijaa wanawake, masufuria na vicheko. Akabeba mtungi wa kwanza aliouona mlangoni, akaumimina wote. Hakujua kwamba ni maji ya liwa, ule unga wa msandali unaonukia, ambayo dada yake aliyaandaa kwa kumsingia bibi harusi.

Chokaa mbichi haionyeshi rangi yake; ikiwa na maji, yote ni kijivu. Mwanamize akapaka huku akiimba. Adhuhuri ilipofika, chumba kikakauka. Zidaka zilikuwa nyeupe pe. Kuta zilikuwa rangi ya malai ya maziwa, na zilinukia.

Mwanamize akakaa chini. Yeye aliyewacheka watu kwa doa la ukubwa wa ukucha, leo amepaka chumba kizima cha doa. Chokaa ilikwisha, na hata ingekuwapo, isingewahi kukauka. Aliona aibu, lakini zaidi alimwonea huruma mwanawe, aliyekuwa ameshaketi kitandani humo chumbani na mkufu wake shingoni. Alasiri ikaingia, akasikia hodi.

Bi Mwanakutu, shangazi wa bwana harusi, alikuwa mtu asiyesifu hata sukari. Alizitazama kuta, akapitisha kidole, akakinusa. Kisha akamtazama Rukaya kwa muda mrefu.

"Nisamehe, dada," Mwanamize akasema. "Nimekosea mimi. Mtoto hana kosa."

"Nyamaza kwanza," Bi Mwanakutu akamjibu. "Miaka thelathini nakagua vyumba, na leo ndiyo mara ya kwanza ninamwona bibi harusi akiwa ndani. Tazama uso wake. Huyu uani hatoki. Waiteni watu waje wamtazame humu humu."

Vigelegele vikapigwa mpaka mtaa wa pili. Mwanamize alilia kwa furaha, akajifuta machozi kwa mkono wa chokaa, akawa mweupe kuliko zidaka. Mafundi wenzake walipomuuliza rangi ile aliipataje, aliwajibu bila kupepesa macho kwamba aliipanga tangu mwanzo. Rukaya aliposikia akacheka hadi mkufu ukatingishika.

Na tangu siku hiyo, watu wa Kitokwe hupaka zidaka kwa chokaa tupu na kuta kwa chokaa ya maji ya liwa, na bibi harusi hutazamwa chumbani mwake. Fundi akianza kumimina, wanawake humuuliza mtungi ameutoa wapi. Naye, hata kama aliuandaa tangu juzi, hujibu kwamba ni wa kwanza aliouona mlangoni.